Usifute neno la mwenzako: niliyojifunza nikiandika mtandaoni na watoto wa darasa la pili

Ugomvi wa kwanza wa mtandaoni darasani kwangu ulitokana na neno "skuli".

Watoto wangu wa darasa la pili hapa Muheza, mkoani Tanga, walikuwa wanaandika kitabu pamoja na watoto wa rika lao wa Wete, Pemba. Sisi tuliandika habari za machungwa, wao habari za karafuu. Hati ilikuwa moja kwenye Google Docs, programu ya kuandika pamoja mtandaoni, na kila upande ulikuwa na kurasa zake. Wenzetu waliandika: "Tukitoka skuli tunakwenda kuchambua karafuu kwa bibi." Siku hiyo zamu ya kishikwambi (tableti) ilikuwa ya kundi la watoto watano. Mmoja wao, mtoto makini ambaye daftari lake halina doa, akaliona lile neno, akaamua ni kosa, akalifuta na kuandika "shule". Hakumwuliza mtu. Alifanya vile anavyoniona mimi nikifanya kila siku ninaposahihisha madaftari.

Kesho yake mwalimu mwenzangu wa Wete, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wakilalamika: "Mwalimu, wametufutia!"

Walimu wengi huniuliza programu ipi ni nzuri kwa watoto wadogo. Nitazitaja ninazotumia. Ila kabla ya programu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Zana hizi za kuandika pamoja zinampa mtoto wa miaka saba uwezo ambao daftari halijawahi kumpa: anaingia kwenye kazi ya mwenzake na kuibadilisha, mwenyewe akiwa hayupo. Hilo ndilo linalohitaji mwalimu. Wapi pa kubonyeza na namna ya kukuza picha, watoto watakuwa wameshajua kabla hujamaliza kueleza.

Nieleze kwanza hali ya darasa langu, maana ushauri mwingi kuhusu teknolojia umeandikwa kwa madarasa ambayo kila mtoto ana kompyuta yake. Mimi nina watoto 74 na kishikwambi kimoja, kile tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Umeme uko ofisini kwa mwalimu mkuu, na Luku ikiisha huwa imeisha. Projekta tunaazima shule ya sekondari ya kata, siku wasipoihitaji. Bando nanunua mwenyewe. Kwa hiyo nikisema tunafanya kazi mtandaoni, elewa kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye karatasi ya manila, chini ya mwembe.

Tunafanya hivi. Kundi la watoto watano au sita linakaa na kukubaliana kwa mdomo sentensi moja au mbili. Wakishakubaliana, wanaziandika kwenye manila kwa maka peni. Baada ya hapo watoto wawili wanakuja kwenye kishikwambi: mmoja anasoma herufi na maneno kutoka kwenye manila, mwingine anabonyeza. Kesho yake wanabadilishana. Kuingiza sentensi mbili kunachukua kama dakika kumi, na wengine wakati huo wanachora picha ya ukurasa wao.

Dakika kumi zile nilidhani ndizo somo. Sivyo. Somo liko kwenye yale mabishano ya kabla yake. Nakumbuka kundi lililotaka kuandika tenga moja linajaa machungwa mangapi. Mmoja akasema mia, mwingine akasema elfu. Daftarini kila mtu angeandika lake na mimi ningepitisha kalamu nyekundu. Hapa sentensi ilikuwa moja na jina la kundi lilikuwa moja, hivyo hakuna aliyeweza kuendelea bila mwenzake. Wakaamua kuacha nafasi wazi mpaka mtoto ambaye baba yake anapakia machungwa kwenye Fuso akaulize nyumbani. Kesho yake akarudi na jibu la baba: inategemea tenga, na inategemea chungwa. Wakaandika hivyo hivyo. Kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK zote tatu, zilikuwa ndani ya sentensi ile, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni tu.

Kuna dosari moja ndogo ya kiufundi nataka uiwahi kabla haijakuumizia watoto. Siku ya kwanza tulipoandika, karibu kila neno lilitokea na mstari mwekundu chini yake. Hati ilikuwa inakagua tahajia ya Kiingereza, na kwake "machungwa" ni kosa, "bibi" ni kosa, "karafuu" ni kosa. Mimi nilijua sababu. Mtoto aliyekuwa anabonyeza hakujua. Kwake nyekundu ni rangi ya kalamu ya mwalimu. Akaondoa kidole, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tumekosa yote." Zima ukaguzi wa tahajia kabla mtoto hajagusa kifaa, na kwenye kibodi weka lugha ya Kiswahili, la sivyo kishikwambi kitakuwa kinabadilisha maneno yenu kwa nguvu. Kazi yenyewe haizidi dakika mbili. Sitaki mtoto yeyote ajifunze kutoka kwenye mashine kwamba lugha ya mama yake ni orodha ya makosa.

Turudi kwenye "skuli".

Niliposikia ule ujumbe, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kumwita yule mtoto nimwambie arudishe. Nikajizuia, kwa sababu hakufanya uovu. Alikuwa anasaidia. Nikachukua hati ile nikaifungua kwenye kompyuta ya ofisini, nikaingia kwenye historia ya matoleo, ambapo Google Docs inaonyesha hati ilivyokuwa siku kwa siku na nini kilibadilishwa. Nikaleta kundi lote walione. Wakaona sentensi ya wenzao ilivyokuwa asubuhi, kisha ilivyokuwa baada ya zamu yao. Yule mtoto akajiona mwenyewe pale, ingawa jina lake halikuandikwa. Nikamwuliza, "Wewe ukirudi kesho ukute daftari lako limebadilishwa neno, utasemaje?" Akafikiri. "Nitauliza nani kaandika." Basi akabonyeza mwenyewe kurudisha toleo la asubuhi, na "skuli" likarudi mahali pake.

Baada ya hapo ndipo tukaweka sheria yetu, na ni moja tu: kabla hujafuta neno la mwenzako, muulize. Kwa wiki nzima sikuwapa kishikwambi. Tuliizoeza sheria hiyo kwenye manila. Makundi yalibadilishana karatasi, na kila kundi lilipewa vipande vidogo vya karatasi na gundi tuliyoipika kwa unga wa ngano. Ukiona neno usilolielewa au unalodhani limekosewa, unaandika swali kwenye kipande unabandika pembeni, halafu karatasi inarudi kwa wenyewe waamue. Wengine walikubali marekebisho. Wengine walikataa na wakawa na sababu. Kundi moja lilibandikiwa vipande saba kwenye sentensi mbili, likanuna, na ikabidi tuzungumze pia kuhusu kuuliza kwa adabu.

Tuliporudi mtandaoni, nilibadilisha ruhusa za hati. Kwenye Google Docs unaweza kumpa mtu moja ya ruhusa tatu: kutazama tu, kutoa maoni, au kuhariri. Walimu wengi huachia ya kuhariri kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa ya ushirikiano zaidi. Kwa watoto wa umri huu nakushauri uiachie kwa kurasa zao wenyewe tu. Sisi tulikigawa kitabu: kurasa za machungwa hati yake, za karafuu hati yake. Kwenye hati ya wenzetu tunaingia na ruhusa ya kutoa maoni, nao vivyo hivyo kwetu. Maoni ni kile kipande cha karatasi chenye gundi ya ngano. Watoto waliona mfanano huo mara moja, sikuwa na haja ya kueleza.

Wao wenyewe waliongeza jambo ambalo sikuliwaza: kila maoni yaanze kwa salamu. Walisema kuingia kwenye kazi ya mtu na kuanza kuuliza maswali ni kama kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Hivyo swali la kwanza tulilopeleka Wete lilikuwa: "Hamjambo wenzetu? Kwa nini mnaandika skuli?" Jibu likaja siku mbili baadaye: "Hatujambo. Na nyinyi kwa nini mnaandika shule?"

Hapo nilipata somo ambalo halikuwemo kwenye andalio langu kabisa. "Skuli" limetoka kwenye Kiingereza, na Zanzibar iliwekwa chini ya Uingereza mwaka 1890. "Shule" ni la Kijerumani, na sisi Muheza tuna kumbukumbu ya Wajerumani mlangoni: reli yao kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1896, na watoto wanapita kandokando yake. Niliwaambia kwamba wageni wawili tofauti walikuja pwani hii, kila mmoja akatuachia neno lake. Watoto wa miaka saba na minane walielewa vizuri sana. Wakaanzisha ukurasa wa tatu, wa pande zote mbili, wakauita "Kamusi Yetu". Waliandika shule na skuli kwenye mstari mmoja, bila kufuta hata moja. Kisha yakafuata mengine. Sisi tuliuliza makonyo ni nini, wakatujibu kuwa ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na wakatuma picha ya jamvi limejaa karafuu zinazoanikwa. Wao waliuliza mche wa kubebesha ni upi. Mtoto mmoja wetu akaeleza kwa sauti, nikarekodi: unachukua jicho la mchungwa unalifunga kwenye mche wa mlimau, ukishika, juu ni chungwa, chini ni limau. Ilibidi arudie mara tatu kwa sababu alikuwa anacheka.

Nisingependa udhani yote yalikwenda vizuri. Mwanzoni tulijaribu kuandika pande zote mbili kwa wakati mmoja, ukurasa mmoja, Muheza na Wete moja kwa moja. Watu wazima hufanya hivyo kazini kila siku. Watoto wangu walisahau sentensi kabisa. Waliona herufi zinajitokeza zenyewe, wakaanza kuzifukuza, na nusu saa ikaishia kwenye mistari ya "aaaaa" na "kkkkk". Furaha ilikuwa kubwa, siikatai, lakini hakuna kilichoandikwa na bando likaenda. Tangu hapo tuna zamu: wao Jumatatu na Jumatano, sisi Jumanne na Alhamisi. Ijumaa ni ya kusoma yaliyoandikwa, asubuhi, maana Pemba siku hiyo masomo huisha mapema kwa ajili ya swala. Kwa mtoto mdogo kungoja jibu hakumpunguzii hamu. Jumanne wanafika wakiuliza wenzao wameandika nini kabla hata ya kunipa shikamoo.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Kwa furaha niliituma linki ya hati kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ili waone kazi za watoto wao, na sikuangalia ruhusa. Ilikuwa ya kuhariri, kwa yeyote mwenye linki. Usiku ule mtu akaingia, akafuta ukurasa mzima wa kundi moja na kuandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Sikuwahi kujua ni nani, inawezekana ni kijana tu aliyeshika simu ya mama yake. Ukurasa niliurudisha kwa historia ya matoleo kabla ya saa moja asubuhi. Lakini mzazi mmoja alikuwa ameshauona, na mtoto wake alikuja shuleni akijua. Alikaa mbali na kishikwambi siku ile. Mashine ilirudisha maneno kwa sekunde chache, yeye alihitaji wiki.

Kwa hiyo nakuomba, mwalimu mwenzangu: linki ya wazazi iwe ya kutazama tu, na uifungue kwanza kwa simu ya mtu mwingine uone inachoruhusu. Wanaoweza kuhariri wawe walimu wawili, basi. Watoto wasifungue akaunti. Google haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuwa na akaunti yake binafsi bila mzazi kuisimamia, na WhatsApp nayo kwa kawaida inataka miaka 13. Darasa langu lote linatumia akaunti yangu ya kazi, kwenye kifaa changu, nikiwa nimekaa hapo. Majina ya watoto hatuyaandiki, tunaandika jina la kundi. Sura hatuzipigi picha, tunapiga mikono, michoro na matunda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na picha ya mtoto ni taarifa zake. Mimi nililieleza hili kwenye mkutano wa wazazi nikiwa na kishikwambi mkononi, nikawaonyesha hati yenyewe, ndipo nikaomba ridhaa ya maandishi. Wazazi wawili walikataa. Watoto wao wanashiriki kila kitu kwenye manila na kazi zao hazipandi mtandaoni, na hakuna anayewauliza sababu.

Kwa darasa la awali mambo ni tofauti. Mtoto wa miaka mitano sioni sababu ya kumweka mbele ya kioo kwa muda mrefu. Mwalimu wa awali hapa kwetu anatumia Padlet, ambayo ni kama ubao wa kubandika: unaweka picha, sauti au maandishi, na wenzenu wanaweka yao. Watoto wanachora kwenye kona yao ya kujifunzia, yeye anapiga picha mchoro, kisha mtoto anasema kwa sauti alichochora, na sauti inakaa chini ya picha. Akaunti ya bure inakupa mbao chache tu, zinatosha. Weka mpangilio unaotaka kila kitu kipite kwako kabla hakijaonekana. Darasa lingine la awali wanalowasiliana nalo liko shule ya jirani, kilomita chache tu, na ninaona ni busara, kwa sababu mwisho wa muhula watoto walitembeleana na kutafutana kwa sauti: "Wewe ndiye wa mbuzi!"

Kama huna mwalimu rafiki wa kushirikiana naye, usisubiri. Anza na African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Kuna hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, bure, chini ya leseni za Creative Commons, na tovuti yenyewe inakupa nafasi ya kuitohoa hadithi: kubadilisha maneno, kurahisisha, kuandika upya kwa ajili ya watoto wako. Ninaipenda kwa sababu ya sheria yetu ileile. Mwandishi ameshatoa ruhusa kabla, lakini jina lake linabaki pale na lako linaongezwa chini yake. Watoto wangu waliponiuliza kwa nini hadithi moja ina majina mawili, nilijibu kwamba wa kwanza aliiandika, wa pili aliomba. Jibu hilo lilitosha kabisa.

Kuhusu bando: maandishi hayali kitu. Picha ndizo zinazokula, na picha moja ya simu inaweza kuwa megabaiti tatu au nne. Zipunguze ukubwa kabla ya kuziweka. Kwenye programu ya Docs ya kishikwambi kuna sehemu ya kuiweka hati ipatikane bila mtandao. Mimi naiwasha, watoto wanaandika darasani bila bando kabisa, halafu jioni nikifika nyumbani nawasha data na kazi inajituma yenyewe. Umeme ukikatika kwa wiki, tunaendelea na manila.

Mwisho wa muhula uliopita tulichapa kitabu kwenye stesheneri ya mjini, nakala mbili, zikatiwa spairo. Moja ipo darasani kwenye kamba ya vitabu, kurasa zake za kati zimeanza kuchakaa kwa kushikwa. Nyingine ilivuka bahari kutoka Tanga ndani ya begi la mtu aliyekuwa anakwenda kuwaona wazazi wake Wete.

Hati hatujaifunga. Wiki iliyopita kundi moja, na ndani yake yumo yule mtoto wa daftari lisilo na doa, liliacha maoni kwenye ukurasa wa wenzetu, pembeni ya neno "kangaja": "Hamjambo wenzetu? Sisi hili tunaona ni kama chenza dogo. Ni lilelile au ni lingine? Hatujafuta." Jibu bado. Mwalimu wao ameniambia karafuu zimeiva na watoto wanawasaidia bibi zao kuchambua, kwa hiyo tungoje kidogo.